Kipande Kilichoganda

Muuza nyama alipokabidhiwa kichupa chenye kipande cha shavu la mkewe, alikiinua kwenye mwanga na kukikadiria uzito, kwa mazoea tu, kisha akaona aibu na kukitia kwenye mfuko wa shati.

"Kifike maabara leo hii," nesi alimwambia kupitia kidirisha. "Sisi hapa tunapima damu na mkojo. Nyama inasomwa kule mjini."

"Kusoma nyama ndiyo kazi yangu," muuza nyama akasema. "Kila asubuhi naisoma."

Nesi hakucheka. Aliyecheka ni mkewe, aliyekaa kwenye benchi na bandeji chini ya sikio, na kicheko chenyewe kikamuuma hadi akashika shavu. "Usinichekeshe wewe," alisema. "Nenda."

Sokoni mwanamke huyu aliitwa Spika, na hata waliolijua jina lake walikuwa wameliacha. Sauti yake ndiyo iliyotoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya nguzo katikati ya soko: kuna mtoto amepotea, kavaa fulana nyekundu, mwenye gari lililoziba njia ya mikokoteni aliondoe kabla halijabebwa kama kabichi. Alikuwa na utani wa kuchoma bila kuumiza, na watu walifanya biashara huku wamemtegea sikio. Mumewe alimpenda kwa sababu ya sauti hiyo. Alizoea kusema hadharani kwamba uso aliuona baadaye, na kwamba nao haukuwa mbaya.

Uvimbe ulikuwa umeanza kama punje chini ya sikio. Binti yao ndiye aliyeugusa wakati anamsuka mama yake. Waliambiwa ni jino, likang'olewa jino lisilo na kosa lolote. Waliambiwa ni matubwitubwi, wakachekana nyumbani kwamba mama amerudi utotoni. Sindano ikavuta majimaji yasiyosomeka. Mwisho wakampata daktari wa upasuaji, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, naye akasema hatagusa kitu kabla ya kukata kinyama kidogo kipimwe. "Tezi za mate zina uvimbe wa aina nyingi mno," aliwaambia, "na mwingi ni wa nadra. Mmoja ukitolewa, mtu anakwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Mwingine ni balaa. Kwa nje aina zote ni hii punje unayoishika."

Ilikuwa Ijumaa mchana. Muuza nyama alimpandisha mkewe na binti yao kwenye teksi, naye akashika njia ya mjini, njia inayopita sokoni. Mbele ya bucha lake, lililofungwa tangu asubuhi, alisimama mpishi wa mgahawa, mteja wake mkubwa, mikono kiunoni. Kumpita mteja kama huyo ni kumfundisha njia ya bucha la jirani. Muuza nyama alifungua mlango, akasema ni dakika mbili tu, akaweka bega chini ya paja la ng'ombe na kulinyanyua kutoka kwenye ndoano kama anavyofanya siku zote. Akahisi kifua kinalowa. Harufu kali ilimpanda puani mpaka machozi yakamtoka. Alipokitoa kichupa mfukoni kifuniko kilikuwa kimelegea, dawa yote ya kukihifadhi imeishia kwenye shati, na kile kipande, kidogo kama ukucha, kimejibandika ubavuni mwa plastiki, kikavu.

Alimwacha mpishi na mizani na kukimbia. Alikuta kufuli mlangoni mwa maabara.

"Mpaka Jumatatu," mlinzi alimwambia.

"Nina kitu cha mgonjwa hapa. Kitaharibika."

"Mzee, hata ukiniletea mgonjwa mwenyewe, mimi nina funguo za geti tu."

Mtu mwingine angerudi hospitali. Muuza nyama aliliwaza hilo akiwa amesimama pale juani. Aliuwaza uso wa nesi, akamuwaza mkewe akilazwa tena kwenye kile kitanda na kukatwa mara ya pili kwa sababu mumewe alikwenda kuuza nyama. Akarudi bucha. Alikuwa na kipande cha nyama kinachotakiwa kukaa mpaka Jumatatu bila kuoza, na maisha yake yote alikuwa amefanya jambo moja na nyama ya namna hiyo. Alijaza kichupa maji ya bomba mpaka pale dawa ilipokuwa imefika, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote, akakifunga kwenye nailoni safi na kukiweka kwenye friza, kwenye kona peke yake, mbali na maini ya wateja. Alifunga friza akijiona ana akili.

Nyumbani mama mkwe, aliyekuja kumuuguza binti yake na kuishika nyumba nzima mkononi, alimpokea mlangoni. "Umekifikisha?"

"Nimekifikisha, mama."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu mkewe alikuwa anasikiliza kutoka chumbani. Jumatatu alfajiri alikitoa kichupa kikiwa barafu tupu, akakiyeyusha kwapani njia nzima, na karani wa maabara alipouliza kama kilikuwa kwenye dawa muda wote, akajibu, "Muda wote."

*

Majibu yalichelewa, na yalipokuja daktari aliwaita wote wawili ndani na kufunga mlango. Spika alikaa kwenye kiti. Mumewe alisimama nyuma yake, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja.

"Anayesoma nyama amehangaika," daktari alianza. "Kipande ni kidogo na anasema hakiko katika hali nzuri. Lakini ameona kitu. Nyama yenyewe ina matundu matundu, kama mkate. Kuna uvimbe wa nadra wa tezi za mate unaojijenga hivyo hivyo, kwa matundu. Unakua polepole, hauna haraka. Ubaya wake ni kwamba unapenda kutambaa kwenye mishipa ya fahamu."

Alisogeza kiti chake, akaweka kiganja kwenye shavu la Spika, vidole vimetanuka, kimoja kuelekea kwenye paji, kimoja kwenye jicho, kimoja puani, kingine kwenye pembe ya mdomo, cha mwisho kidevuni. "Mshipa unaoendesha uso unapita katikati ya tezi hii na kugawanyika namna hii. Kama ungekuwa uvimbe wa kawaida ningeuchambua mshipa nikauacha. Huu siwezi kuuacha. Nikiuacha, nimeuacha na ugonjwa."

"Ukiukata?" Spika aliuliza.

"Upande huu utalala. Jicho halitafumba vizuri. Mdomo utashuka."

"Nitaongea?"

"Utaongea, mama. Ila si kama sasa."

Spika alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubaliana na hesabu ya mwingine. Ni mumewe aliyeuliza, na sauti yake ilimtoka nyembamba. "Hayo matundu, daktari. Yanatokana na nini?"

"Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo."

"Hayawezi kutokana na kitu kingine?"

Daktari alimtazama. "Kama kitu gani?"

Muuza nyama alijua kitu gani. Alijua nyama iliyogandishwa taratibu na kuyeyushwa ovyo inavyokuwa: inachuja maji, inalegea, ukiikata unakuta imefanya vijishimo kama sponji. Wateja huirudisha. Lakini hakujua kama kipande cha ukubwa wa ukucha kinafanya hivyo, wala kama vijishimo vya friza vinaweza kumdanganya mtu aliyesomea kazi hiyo. Alikuwa hajui, na daktari alikuwa anasubiri, na kisogo cha mkewe kilikuwa mbele yake kimetulia.

"Nauliza tu," alisema.

"Mimi nina zamu hapa wiki ijayo," daktari akaendelea. "Baada ya hapo nakwenda hospitali nyingine, kurudi ni baada ya miezi miwili. Nimekuwekeeni nafasi Alhamisi. Msiipoteze."

*

Kuanzia siku hiyo muuza nyama hakuwa na pa kukimbilia. Akisema, nafasi inapotea, na kama ugonjwa ni huo kweli, utaendelea kutambaa shavuni mwa mkewe miezi miwili kwa sababu ya mdomo wake. Akinyamaza, na kama matundu ni ya friza, basi mkewe atakatwa uso bure, na mkataji atakuwa yeye. Aligeuza jambo hili huku na huku akiwa nyuma ya meza ya bucha, akawakatia watu mifupa vipande visivyolingana, mpaka wateja wakaanza kumuuliza kama anaumwa. Siku moja alitoa ini lililoyeyuka, akalipasua na kulisogeza karibu na macho. Vijishimo vilikuwepo. Hilo halikumsaidia chochote, kwa sababu vingekuwepo kwa vyovyote vile.

Jioni moja mwenyekiti wa soko alikuja kumtazama mgonjwa, na mkungu wa ndizi ulimtangulia mlangoni kama mtu anayekuja kuomba radhi. Aliketi, akauliza hali, akasifia uzi wa kitambaa cha meza, akamaliza yote ya kumaliza.

"Soko haliwezi kukaa bila sauti, si unajua," alisema mwishowe. "Tumemweka binti wa yule muuza vyombo. Kwa muda tu."

"Kwa muda gani?" Spika aliuliza.

"Wewe pumzika, mama. Usiwaze kazi."

"Mwenyekiti, mimi nakatwa shavu. Sijafa."

"Nani kasema umekufa? Mungu apishe mbali." Alitafuta pa kuweka macho, akayaweka kwa muuza nyama. "Si ndiyo, mzee? Apumzike."

Muuza nyama aliitikia, maana ilibidi aitikie kitu. Mwenyekiti alipoondoka, Spika alibaki amekaa pale pale, akivuta nyuzi za kitambaa kilichosifiwa. "Yule binti anameza maneno," alisema. "Watoto wataendelea kupotea mpaka wazeeke."

Mama mkwe alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Angalau una mume," alisema. "Wengine wanaachwa wakianza kuumwa. Huyu alikimbia na kichupa mjini na jua lile, akarudi shati limeloa jasho. Mimi niliona." Akamwekea mkwewe nyama ya ziada kwenye sahani. "Kula, mwanangu."

Muuza nyama alisubiri mama mkwe aende kuoga na binti ajifungie na vitabu vyake, akamfuata mkewe jikoni. Spika alikuwa anaosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

"Nina jambo nataka kukuambia," alianza.

"La uvimbe?"

"Ndiyo. La kile kipimo."

"Basi usiniambie." Hakugeuka. "Mume wangu, sikiliza. Nimelia nimemaliza. Nimekubali, unaona? Nimejikaza mpaka nimekubali. Ukiniletea habari ya sijui kuna daktari mwingine, sijui kuna mtu alipona kwa majani, nitashika hiyo habari na nitakimbia, na Alhamisi hawatanipata. Nijue au nisijue, uvimbe uko hapa hapa. Niache nifike Alhamisi."

"Si habari ya majani."

"Hata kama." Alizima bomba. "Naomba."

Alimwomba kwa sauti ile ya sokoni, ile ya kumtuliza mtoto aliyepotea wakati mama yake anatafutwa, naye akafunga mdomo. Aliona afueni kwamba ameombwa kunyamaza, akaichukia hiyo afueni na kulala nayo kitanda kimoja.

*

Jumatano mchana walimlaza wodini. Nesi wa zamu alimnyoa nusu ya kichwa, kuanzia juu ya sikio kushuka shingoni, zile nywele ambazo binti alikuwa amezisuka vizuri ili mama aingie hospitali akiwa nadhifu. Misuko ilianguka kwenye beseni moja moja. Binti aliitazama, kisha akatoka nje kusimama kwenye veranda, na bibi yake akamfuata.

Daktari aliingia na simu yake. "Nataka picha za kabla," alimwambia Spika. "Ni kwa ajili ya faili. Nikikuambia fanya, fanya. Kunja uso."

Spika alikunja uso.

"Fumba macho kwa nguvu. Vizuri. Onyesha meno. Jaza hewa mashavuni. Sasa piga mluzi."

Spika alipiga mluzi. Hakupiga ule wa kuigiza kwa ajili ya picha. Alipiga mluzi mzima wenye kona na mapambo, ule aliokuwa akifungulia soko asubuhi kabla ya kutangaza, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Bibi mmoja mwenye mguu wa plasta alipiga makofi. "Rudia hapo," alisema, na wodi ikacheka, na Spika mwenyewe akacheka, nusu kichwa kimenyolewa, mashavu yote mawili yamepanda sawasawa.

Muuza nyama alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, ameshika mfuko wenye kandambili na sabuni. Alitaka kusubiri daktari atoke amfuate kwenye korido, wayamalize huko wawili, lakini alijua akifika kwenye korido atauliza tena maswali ya kuuliza tu. Akapiga moyo konde.

"Daktari, kile kipande niliharibu mimi."

Daktari alishusha simu. "Kipande gani?"

"Cha kupimwa. Dawa ilimwagika. Maabara walikuwa wamefunga. Nikajaza maji, nikakiweka friza mpaka Jumatatu. Friza la bucha." Aliweka mfuko chini. "Kiliganda, daktari. Kikawa barafu. Nikawaambia kilikuwa kwenye dawa."

Bibi wa plasta, aliyekuwa bado ameinua viganja, aliviteremsha kwenye shuka.

"Ukaniuliza matundu yanatokana na nini," daktari alisema polepole.

"Ndiyo."

"Ulisimama palepale ukaniuliza, ukasema unauliza tu." Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Barafu inatoboa nyama, baba. Ikigandia ndani inaacha matundu. Kesho asubuhi ningemkata mkeo mshipa wa uso kwa ushahidi wa friza lako."

"Kwa hiyo hana huo ugonjwa?"

"Sijui. Hilo ndilo ulilonifanyia. Sijui." Aliweka simu mfukoni. "Kesho sikati. Nachukua kinyama kingine leo, kiende kikiwa sawa. Nafasi ya kesho nampa mgonjwa mwingine."

Alipotoka, muuza nyama alimtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema. Spika alikuwa ameshika upande ulionyolewa kwa kiganja.

"Nilitaka kukuambia," mumewe alisema. "Jikoni. Ukanikataza."

"Nilikukataza." Sauti yake ilikuwa safi, kila silabi mahali pake. "Na kabla ya jikoni? Wiki zote hizo ulikatazwa na nani?" Alivuta shuka mpaka kifuani. "Umesubiri mpaka wameninyoa. Toka hapa, nisije nikasema neno mbele za watu."

*

Safari hii kichupa alikibeba Spika mwenyewe, na kitambaa kichwani na jeraha jipya juu ya lile la zamani, amekishika kwa mikono miwili, na binti yake pembeni. Muuza nyama alijitolea kuwasindikiza, akaambiwa akauze nyama.

Nyumba ikawa ndogo ghafla. Spika alihamia kulala na binti. Aliongea na kila mtu isipokuwa mumewe, na kwake alituma salamu kupitia wengine: mwambie baba yako chumvi imekwisha. Mama mkwe naye, aliyekuwa akimwita mwanangu, sasa alimwita mkwe, na neno hilo alilitoa mdomoni kama mfupa wa samaki. "Mkwe, hiyo sahani usiiweke friza," alisema siku moja mbele ya jirani aliyekuja kuazima pasi. Jirani alijifanya anatafuta waya. Habari ilifika sokoni kabla ya pasi kupoa, na mpishi wa mgahawa, yule yule aliyechelewesha safari, alihamia bucha la jirani akisema hawezi kununua nyama kwa mtu aliyechanganya vitu kwenye friza.

Majibu hayakuja haraka. Maabara ilisema inatia rangi maalum, kisha ikasema inapeleka kwa msomaji mwingine, kwa sababu uvimbe wa namna hii ni adimu na mtu mmoja hatakiwi kuuamua peke yake. Wakati huo Spika alianza kusikia ganzi kwenye pembe ya mdomo, kama mchwa wanapita chini ya ngozi. Hakumwambia mama yake. Alimwambia binti, binti akamwambia baba, na baba akaenda kusimama nyuma ya bucha, kwenye pipa la mifupa, akalia pale ambapo wateja hawafiki.

Daktari aliporejea kutoka hospitali ya pili aliwaita. Spika alimruhusu mumewe aje, ila alimtanguliza mama yake kwenye kiti.

"Safari hii kipande ni kizuri," daktari alisema. "Wamesoma watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na wamekubaliana. Ni ule ule, mama. Wenye matundu. Na wameuona ukiwa umekumbatia kamshipa kadogo. Lazima nikate."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kupumua. "Ule ule?" alisema. "Yaani ule ule wa mwanzo?" Akamgeukia mkwewe. "Basi si ungenyamaza tu! Angekuwa ameshakatwa, ameshapona. Umenyamaza wakati wa kusema, ukasema wakati wa kunyamaza. Wewe ni mtu gani?"

Muuza nyama alikuwa amejiuliza hivyo hivyo kabla hajamaliza kuulizwa. Aliyejibu ni Spika.

"Mama, mwache," alisema, na wote wakashtuka, hata yeye mwenyewe. "Ile Alhamisi wangenikata kwa sababu ya barafu. Wangebahatisha tu, hata kama wangepatia. Ningekaa na uso umelala, na huyu anakaa pembeni yangu anajua asichoniambia, mpaka tunazeeka. Hilo nisingeliweza." Alimtazama mumewe moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. "Sijakusamehe. Usije ukadhani nimekusamehe."

"Sijadhani."

"Daktari, utanikata lini?"

*

Alikatwa wiki hiyo hiyo. Daktari alitoka akiwa amechoka, akasema uvimbe umetoka wote kadiri anavyoweza kuona, na kwamba mionzi itafuata. Kwa siku za mwanzo Spika alikuwa bandeji tupu na usingizi. Zilipopunguzwa, muuza nyama aliona alichoambiwa atakiona. Upande mmoja wa uso ulikuwa wa mkewe. Wa pili ulikuwa umeteremka na kunyamaza, mdomo unavuja mate pembeni, jicho liko wazi linatazama dari hata alipokuwa amelala. Nesi alimfundisha kulitia dawa na kulifumba kwa plasta usiku.

Alikuja kila siku baada ya kufunga bucha, ambalo sasa lilifungwa mapema kwa kukosa watu. Mama mkwe alimpisha kiti bila kumsemesha. Siku moja alikuwa ameteremka na binti kununua maji, na wawili hao walibaki peke yao kwa mara ya kwanza. Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia uwanja mkavu.

Spika alisema kitu. Maneno yalitoka yamelowa, yamegongana, hayana kingo. Muuza nyama aliinama karibu, hakuambulia hata moja, na moyo ukamwuma kwa namna ambayo hakuitarajia. Yeye aliyeweza kuichambua sauti hiyo katikati ya soko zima, leo iko shubiri moja na haielewi. Hakutaka ajue.

"Ndiyo," alisema, akimshika mkono. "Ndiyo, mke wangu."

Spika alimtazama kwa yale macho mawili yasiyolingana tena. Jicho lisilofumba lilikuwa jekundu, linatiririka. Alivuta mkono wake akautoa. Akasema tena, kwa kujikaza, akisukuma kila neno kwa upande uliobaki hadi mishipa ya shingo ikamsimama, na safari hii mumewe aliambulia mawili ya mwanzo: usiseme ndiyo. Yaliyofuata hakuyasikia.

Aligeuza macho mlangoni. Mama mkwe alikuwa bado hajarudi. Alijua angeweza kukisia: maji, mto, nesi. Angeweza kujaribu moja baada ya jingine mpaka apatie.

"Sijakuelewa," alisema. "Neno hata moja, mara ya kwanza. Nilikudanganya. Sema tena."

Ilimchukua muda kupumua. Kisha alisema tena, polepole, akishikilia pembe ya mdomo kwa kidole ili ipande, na mumewe aliangalia midomo yake kuliko alivyowahi kuiangalia katika ndoa yao yote.

"Vumbi," Spika alisema. "Linaingia jichoni. Funga dirisha."

Akasimama, akalifunga.